Bagamoyo bila samaki

Mhariri,

Nyumbani kwetu hatuli nyama, samaki, mayai wala maziwa, na likizo tunakwenda Bagamoyo kwa basi kutoka stendi ya Makumbusho. Chakula cha bei nafuu kipo tele: asubuhi mbaazi zilizokolea tui na vitumbua vya moto kutoka kwa mama wa kibarazani; mchana wali, kisamvu cha karanga na kachumbari. Kinachotukera ni baadhi ya hoteli za ufukweni. Ukiagiza wali maharage bila samaki, bei ni ileile, na maharage yenyewe yametiwa mchuzi wa samaki! (Wanangu hunusa kabla yangu.) Wenye hoteli, wekeni sahani ya mboga yenye bei yake. Chenji itatulipia kiingilio cha magofu ya Kaole.

Mama wa watatu,
Sinza, Dar es Salaam