Ndege Nyuki Juu ya Mlima Hanang

Tope lililoshuka kutoka Mlima Hanang tarehe 3 Desemba 2023 lilifukia nyumba na maduka hapa Katesh na vijiji vya jirani, likaua watu zaidi ya 80. Baada ya msiba ule, nani bado anaiona ndege nyuki (droni) kuwa kitu cha kupigia picha za harusi tu? Ingeweza kutuonyesha kwa saa chache makorongo mapya kule juu, mahali pasipokanyagika. Unguja na Pemba zilianza kupigwa ramani kwa vyombo hivyo mwaka 2016, na wanafunzi wa Zanzibar wakafundishwa kuvirusha. Basi sisemi vipigwe marufuku.

Nasema hivi: siku ya maafa ndiyo siku mbaya kuliko zote ya kurusha bila ruhusa. Mwezi Januari 2025, Los Angeles ikiungua, mtu mmoja alirusha ndege nyuki yake kwenda kutazama uharibifu. Ikaigonga ndege ya zimamoto na kuitoboa bawa. Ndege ile ikabidi isimamishwe kwa matengenezo huku moto ukiendelea. Sasa fikiri helikopta inayokuja Katesh kubeba majeruhi, na angani wametangulia vijana wanaotafuta video ya kurusha mtandaoni.

Mlima nao una hila zake. Hanang unapita meta 3,400, na nyingi kati ya ndege nyuki hupima kimo kuanzia pale ziliporukia, wala si kutoka ardhi iliyo chini yake. Anayerusha kutoka mjini kuelekea mlimani husoma meta 100 kwenye kioo chake, kumbe mteremko umeshapanda kuilaki ndege. Mawasiliano yakikatika, kwa kawaida ndege hupanda hadi kimo ilichopangiwa, kisha hurudi kwa njia iliyonyooka. Mgongo wa mlima ukiwa katikati, nyingi haziukwepi. Tena hewa ya juu ni nyepesi, mapanga hufanya kazi zaidi na betri huisha mapema. Ndege ikianguka siku ya mnada, itaangukia watu na ng'ombe.

Sheria ipo. Anayetaka kurusha anapaswa kupata kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na Wizara ya Ulinzi nayo ina kauli yake. Vijana wetu, ombeni kibali! Lakini wakubwa nao wasikwepe lawama. Mpiga picha wa Katesh akiona kibali kiko mbali, na kazi ya harusi ni Jumamosi, atarusha kimyakimya, na serikali haitajua kuna chombo angani mpaka kigonge kitu. Wilaya ya Hanang na Mamlaka waketi pamoja kabla ya mvua za Novemba. Waandikishe kila mwenye ndege nyuki hapa, wamfundishe kuirusha mlimani, na wamtaje mtu mmoja mwenye simu inayopokelewa, atakayesema siku ya maafa nani apae na nani ashushe.