Kabla hujasema dawa ni feki, angalia maji yako

Masika ya mwaka juzi kijana mmoja wa huku kwetu Kilosa alinipigia simu asubuhi na mapema. "Bwana shamba, nimeibiwa. Dawa feki hii." Alikuwa amekodi ekari tano karibu na mto Mkondoa kwa hela ya mkopo wa kikundi. Magugu aliyoyapiga wiki mbili nyuma yalinyauka ncha tu, kisha yakaanza kuchipua upya.

Sikwenda shambani. Nilimjibu hapohapo kwenye simu: ongeza kipimo, rudia. Akarudia. Matokeo yaleyale, na mvua za kupandia zikampita.

Nilipofika hatimaye, nikakuta ndoo zake zina tope chini. Maji aliyachota mtoni mvua zikiwa zimechachamaa, rangi ya chai ya maziwa. Dawa ilikuwa glaifoseti, lebo kamili, namba ya usajili ipo. Jamani, ile dawa haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la maji, na langu mimi niliyeshauri kwa simu.

Feki zipo, sikatai. Nunua kwa muuzaji mwenye kibali cha TPHPA, dai risiti. Ila nionavyo mimi, tunazisingizia mno.

Glaifoseti hung'ang'ania udongo. Ndiyo sababu ikianguka ardhini haisumbui mahindi utakayopanda baadaye. Sasa ukiichanganya na maji ya tope, inashikana na udongo humohumo ndani ya bomba, na kinachofika kwenye jani ni kidogo. Kuongeza kipimo hapo ni kulisha tope. Chota maji siku moja kabla, yaache yatuame kwenye pipa, chukua ya juu, chuja kwa kitambaa. Na usiyasafishe kwa shabu! Shabu ina aluminiamu, nayo huishika glaifoseti vilevile. Hata vumbi juu ya majani hufanya hivyo, kwa hiyo wenye mashamba kando ya barabara ya vumbi mngoje mvua iyaoshe kwanza.

Wenzetu wa Mikumi mnaotumia kisima, jaribuni sabuni. Isipotoa povu, maji ni magumu, yana chokaa. Yeyusha kwanza mbolea ya SA, gramu 160 hadi 320 kwa bomba la lita 16, chuja, ndipo uweke glaifoseti.

Atrazini ni habari nyingine. Yenyewe tope haliisumbui sana, inachotaka ni udongo wenye unyevu, maana huingia zaidi kwa mizizi. Piga magugu yakiwa hayajaota au yakiwa madogo kabisa. Ukisubiri yafike magotini, umechelewa. Ndago haitishiki nayo. Ndago ipige kwa glaifoseti ikiwa mbichi inakua vizuri, kabla hujapanda. Na kama umechanganya maharage kwenye mahindi, atrazini iache dukani.

Halafu kuna hili la "vifuniko viwili kwa bomba". Nani kakupimia? Kila mtu ana mwendo wake na nozo yake. Pima mita 10 kwa 10, weka maji matupu, tembea kama kawaida yako, uone umetumia lita ngapi. Zidisha mara 40, hayo ni maji ya ekari moja. Ukitumia lita 4, ekari ni lita 160, yaani mabomba kumi ya lita 16. Lebo ikisema lita 2 kwa ekari, basi kila bomba ni mililita 200. Ni kazi ya robo saa, na bado vijana wengi ninaowatembelea hawajawahi kuifanya. Mnanunua simu ya laki tano lakini nozo iliyolika mnaitumia misimu minne.

Glaifoseti inataka saa sita hivi bila mvua, na upepo ukiwa umetulia. Mabuti na glavu, sisemi tena.

Yule kijana msimu uliofuata alikodi ekari mbili tu, deni lilikuwa bado. Juzi kanipigia tena, anauliza kama maji ya bwawa yanafaa. Safari hii nilimwambia asichanganye chochote mpaka nifike. Nikapanda bodaboda nikaenda kuyaona.