Matroni na daftari la vyumba

UPEPO WA KUSI
Na Hamisi Likwawa

Ukishuka stendi ya Nangurukuru na begi lako, barua ya ajira ndani ya bahasha ya kaki, una mawili: kushika njia ya Kilwa Masoko ukaripoti, au kusubiri basi linalorudi Dar es Salaam. Wauguzi vijana wengi waliopangiwa Kilwa wamesimama hapo wakipima. Mama tuliyemzika mwezi uliopita aliijua stendi ile kuliko wapiga debe wake, maana ndipo alipokuwa akienda kuwapokea.

Sote tulimwita Matroni, hata mumewe mbele za watu. Mimi nilikuwa mtu wa maabara katika hospitali yake, huku pwani, tukafanya kazi ukuta kwa ukuta miaka mingi. Jina lake sitaliandika. Hakuyapenda magazeti, na nilipoanza safu hii aliniambia nimeacha kazi ya maana nikaenda kuuza maneno.

Saa moja na nusu asubuhi ndiyo makabidhiano ya zamu. Wengine husomeana kitabu cha ripoti mezani. Yeye alitaka kisomwe kitanda kwa kitanda. Akifika kwa mama aliyejifungua usiku, humsalimia, humwomba ruhusa, huingiza mkono chini ya shuka, kisha hutazama kiganja chake. Damu ikiwa nyingi kuliko ilivyoandikwa, muuguzi wa usiku haendi nyumbani mpaka lieleweke, na mimi nasikia mlango wa maabara unagongwa: "Kaka, kundi la damu, sasa hivi. Chai utaikuta."

Mkali alikuwa, lakini hakumgombeza muuguzi mbele ya mgonjwa. Alimwita stoo ya mashuka. Malalamiko ya akina mama kuhusu lugha za leba tunayajua, wala si uzushi. Aliyemtolea mzazi maneno mabaya alitoka stoo macho mekundu, akarudi kitandani kuomba radhi. Jioni Matroni humtafuta tena: umekula? Unalala wapi? Aliamini, nami nakubaliana naye, kwamba maneno mengi ya aina ile hutoka kwa mtu aliyeunga zamu mbili kwa sababu mwenzake ameondoka na hajarudi.

Na kwa nini hajarudi? Mkoa wetu huu wa Lindi uliogopwa. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, safari ya kutoka Dar ilitegemea pantoni ya Mto Rufiji, na masika yakikolea njia ilikuwa matope hadi ekseli. Aliyepangiwa kazi huku aliagwa kwao kama aliyepewa adhabu. Daraja limekuja, lami imekuja, hofu imebaki. Kimbunga Hidaya kilipoleta mafuriko ya Mei 2024 na barabara ikakatika Somanga, waoga walipata ushahidi. Basi kijana anaripoti, anasaini, anapokea posho ya kujikimu kama imefika, anaomba ruhusa akafuate mizigo. Kwenye karatasi tunaye. Wodini hatumwoni.

Dawa ya Matroni ilikuwa kauntabuku moja, jalada limelegea. Humo aliandika vyumba vya kupanga: nyumba ya nani, umeme upo au haupo, maji yanachotwa wapi, njia ya kurudi kutoka zamu ya usiku ina watu au ni kichaka. Aliandika pia kama mwenye nyumba anapokea kodi mwezi kwa mwezi au anataka ya miezi sita kwa mkupuo. Hilo ndilo lililowakimbiza wengi: mshahara wa kwanza haujaingia, ya miezi sita ataitoa wapi? Matroni alikwenda kubembeleza mwenyewe, kanga begani, akikaa ukumbini kwa watu mpaka kodi ilainike. Kuna binti wa Bukoba aliyelia wiki nzima kwamba huku ni muhogo na samaki tu. Matroni aliagiza mkungu wa ndizi kwa kondakta, ukashushwa Nangurukuru. Binti yule yupo mpaka leo. Ameolewa na mvuvi wa hapahapa, na kwa kukuna nazi anatushinda sote.

Kila tarehe 12 Mei, siku aliyozaliwa Florence Nightingale mwaka 1820, wauguzi huwasha mishumaa na kurudia kiapo. Matroni aliwasha wake, akavumilia hotuba. Kilichomuudhi ni kwamba mwanamke yule anakumbukwa kwa taa tu, wakati alikuwa mtu wa hesabu: baada ya vita vya Crimea aliwaonyesha wakubwa wa Uingereza, kwa michoro ya takwimu, kwamba maradhi ya kuzuilika yaliua askari wengi kuliko majeraha. "Taa tumeshapewa," aliniambia mwaka mmoja, sahani ya pilau mkononi. "Nyumba je?"

Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikadiria vifo 556 vya akina mama kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukakadiria 104. Tukishangilia huwa tunataja majengo na magari ya wagonjwa, na ni haki yetu. Ila jengo halimkandi tumbo mama anayetokwa damu saa tisa za usiku.

Kwa hiyo nasema: halmashauri ikiomba kibali cha kuajiri wauguzi, iombe na nyumba zao. Na matroni apewe fungu, hata dogo, la kumpokea mtumishi mpya kwa miezi mitatu ya mwanzo. Huyu wetu aliifanya kazi hiyo kwa nauli yake, kwa vocha yake, kwa wali wake, na wala haikuwa imeandikwa popote kuwa ni kazi yake. Nasikia wapo wanaotaka wodi ipewe jina lake. Waipe, hospitali ya mkoa ina jina la Sokoine na hakuna aliyekereka. Ila namjua: angeuliza kibao kimegharimu shilingi ngapi, na fedha hiyo ingelipa kodi ya miezi mingapi.

Baada ya hitima, yule binti wa Bukoba alikwenda kwa watoto wa marehemu kuomba daftari, wakampa. Ameshaanza kupiga simu. Vyumba viwili vimepata wapangaji, mwenye nyumba mmoja amepandisha kodi, na kipo kimoja jirani na soko, wazi kuanzia mwezi ujao, umeme upo, kodi mwezi kwa mwezi.