Usilipe pesa juu ya maneno unayoyajua tayari



Kuna biashara imeota mjini kwetu: fotokopi za maneno magumu ya Kiingereza, zinauzwa kwa vijana wanaojitayarisha kwa SAT, ule mtihani wa kuingia vyuo vikuu vya Marekani. Kijana analipa, anajifungia, anaanza kukariri kuanzia A. Kura ikikatika anaendelea na tochi ya telefoni. Mara mingi pesa ni za mama anayeuza makala sokoni. Juu ya hiyo hatuwezi kunyamaza.

Fotokopi zenyewe ni za mtihani uliokufa. Mpaka 2005 SAT iliuliza kulinganisha maneno mawili-mawili, neno gumu peke yake kama mfupa. Tangu Machi 2016 inakupa kifungu na kuuliza neno fulani lina maana gani pale. Leo inafanyika kwa kompyuta, na maswali ya kujaza pengo yamerudi, lakini jibu linatoka ndani ya kifungu. Mwenye kukariri bila kusoma atakwama.

Na kuna kitu wauzaji hawasemi. Wanormandi kutoka Ufaransa waliteka Uingereza 1066, na Kiingereza kikajaa Kifaransa na Kilatini. Kwa hiyo maneno yanayomtisha mtoto wa Chicago, sisi tuliyasoma sekondari kwa Kifaransa: "ameliorate" ni améliorer, "tenacious" ni tenace, "loquacious" ni loquace. Unalipia kitu kilicho tayari mfukoni mwako!

Shida yetu iko kwenye maneno madogo. "Put off", "put up with", "get by": hapo Kifaransa hakikusaidii hata kidogo. Halafu kuna yale ya kudanganya. "Library" si duka la vitabu, ni maktaba. "Actually" si "kwa sasa". "Sensible" si mtu wa kuumia moyo haraka, ni mtu mwenye busara. Hayo ndiyo ya kuandika kwenye kaye, pamoja na sentensi uliyoyakuta ndani yake.

Mazoezi ya kweli ni bure. College Board, wenye mtihani, wanayaweka kwenye intaneti, na Khan Academy pia. Megabaiti ni ghali, tunajua; basi mmoja apakue, wengine wachukue kwake kwa Bluetooth.

Kwa wakubwa wa elimu tuko na swali moja: namna gani mwanafunzi anasoma Kiingereza miaka yote ya sekondari na anamaliza bila kushika hata kitabu kimoja cha Kiingereza? Prof anaandika ubaoni, sisi tunanakili, basi. Tunadai maktaba kwenye shule za serikali, na prof alipwe kwa wakati. Bila hiyo, fotokopi zitaendelea kuuzwa.

Wakati tunangoja jibu: mwenye riwaya au gazeti la Kiingereza nyumbani, hata kama jalada limepasuka, akilete kwenye mkutano wa kartiye wa Jumamosi. Tutaandika jina lake ndani, na kitazunguka.