Kadogo Si Ubadhirifu

Mwandishi mmoja amezishauri familia za mitaa ya kipato cha chini kama Kawangware ziache vitu vya kupima na zinunue kwa jumla, kwamba kadogo, yaani kununua kidogo kidogo, ndiyo inayozimaliza. Kuhusu bei yuko sahihi: sukari ya vipakiti hugharimu zaidi kwa kilo. Kosa lake ni kudhani kila nyumba hupokea mshahara mwisho wa mwezi. Kibarua wa mjengo na mama wa kufua hulipwa jioni, tena siku waliyopata kazi. Pesa hiyo itoshe unga, maji, tokeni na nauli ya kesho. Ukiifungia yote kwenye gunia, mtoto akiugua usiku utakopa kwa riba, na faida ya jumla itakuwa imekwisha.

Tena kununua kidogo mara nyingi ni akili. Githeri iliyochemshwa ya kando ya barabara humwepushia mnunuzi makaa ya saa nzima na zaidi, kwa kuwa sufuria moja hulisha wengi.

Anayetaka kusaidia aseme yanayowezekana: majirani wachange kwenye chama, wanunue gunia moja wagawane, maharagwe yalowekwe usiku, jiko lenye udongo ndani, lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980, litumike kupunguza makaa. Kisha awageukie watunga sera. Mwaka 2021 gesi ya kupikia ilitozwa VAT ya asilimia 16. Mwaka 2023 kodi hiyo ikaondolewa. Uamuzi wa aina hiyo hugusa kila jiko mtaani. Adai uamuzi kama huo, asiwahubirie maskini nidhamu ambayo tayari wanaiishi kila siku.