Kata Nayo Iseme

Siri ya mtungi aijuaye kata. Methali hii tumekaririshwa tangu shule ya msingi, tumeijibu kwenye mitihani, tukapewa alama zetu tukaenda zetu. Lakini hakuna mwalimu aliyetuuliza swali la pili: je, kata ikitaka kusema?

Naleta swali hilo kwa vijana wenzangu mnaoshika kalamu, wa hapa Sumbawanga na wa popote jarida hili linapofika. Linamhusu mwanamke ambaye sote tunamwandika ila hatutaki aandike: yule aliyependwa kwa siri na mwanasiasa mwenye jina. Mtaani ni nyumba ndogo, kimada, hawara. Mie nasema wazi: mwanamke huyo ana haki ya kuandika kumbukumbu zake, na kitabu chake ni kitabu cha siasa sawa na vya wakubwa. Anayekiita udaku kabla ya kukifungua anamlinda mkubwa, ajue asijue.

Tuanze na hao wakubwa, maana wao wanaandika. Mzee Benjamin Mkapa alitoa kitabu cha maisha yake mwaka 2019. Mzee Ali Hassan Mwinyi akafuata mwaka 2021. Juu ya Mwalimu Nyerere, Issa Shivji, Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata walitoa juzuu tatu mwaka 2020. Kazi nzuri, tuzisome. Wala sisemi wazee hao walikuwa na la kuficha. Asije mtu akanitungia maneno. Ninachosema ni kwamba rafu yetu ya siasa inajazwa na waliokalia kiti, au na wasomi waliokichunguza kiti. Aliyekiona kiti kwa nyuma, usiku, mwenye kiti akiwa amevua tai na kuongea yasiyosemwa jukwaani, hana rafu.

Anakaa wapi basi? Anakaa kwenye magazeti ya udaku yaliyoota kama uyoga baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992. Na anakaa, samahani jamani, kwenye hadithi zetu sisi. Tunazijua. Msichana ana macho ya kungu na sauti ya kinanda. Mheshimiwa anakuja na shangingi la vioo vyeusi. Kuku wa kuchoma, bia za baridi, chumba cha hoteli, kurasa tatu za kuhema. Ukurasa wa mwisho msichana anakufa kwa ukimwi au anarudi kijijini na kifurushi, na mheshimiwa anatubu, anamkumbatia mkewe, hadithi imeisha. Adhabu kwa mmoja, toba kwa mwingine. Hivi nani alitufundisha hesabu hiyo?

Marehemu Euphrase Kezilahabi hakuifuata. Mwaka 1971 alitoa Rosa Mistika, akawaonyesha wanaume wenye vyeo, Bwana Maendeleo na mkuu wa chuo wakiwamo, jinsi wanavyomchezea msichana. Kitabu kikapigwa marufuku shuleni, baadaye kikaja kufundishwa. Kezilahabi alikuwa mwanamume aliyebuni Rosa. Fikiri sasa ingekuwaje kama Rosa mwenyewe ndiye angeshika kalamu.

Najua majibu yatakayokuja. Nimeyasikia vijiweni Mazwi na Majengo, nimeyasikia kwa waandishi wenzangu pia. Ngoja niyachukue moja moja.

La kwanza: eti hayo ni mambo ya watu wawili. Kweli? Waingereza walikuwa na waziri mkuu, John Major, aliyetawala kuanzia 1990 hadi 1997. Mwaka 1993 serikali yake ilipiga kampeni ya kulirudisha taifa kwenye misingi yake, na wananchi wakaielewa kama kampeni ya maadili. Mawaziri kadhaa wakafumaniwa, wakajiuzulu. Mwaka 1999 Major akatoa kitabu kinene cha maisha yake. Mwaka 2002 Edwina Currie, mbunge wa chama chake aliyewahi kuwa naibu waziri, akachapisha shajara zake, na nchi nzima ikajua kwamba tangu 1984 hadi 1988 wawili hao, kila mmoja akiwa na ndoa yake, walikuwa wapenzi. Kitabu cha bwana mkubwa hakikuwa na hata sentensi moja ya jambo hilo. Currie hakupewa nafasi hata kwenye tanbihi ya maisha ya mwanamume aliyekaa naye miaka minne. Sasa niambie: kitabu kipi kilikuwa cha siasa, kile kilichoficha au kile kilichotaja? Anayepanda jukwaani kuwahubiria watu maadili ameyatoa maadili yake sebuleni kwa hiari yake. Hatuwezi kuambiwa tugeuze uso.

Na sebule yenyewe huwa wanaitumia wakipenda. Machi 2009 Rais Mwai Kibaki wa Kenya aliwaita waandishi wa habari Ikulu, mkewe yupo pembeni, akatangaza kwamba ana mke mmoja tu. Ikulu, bwana! Kama habari za ndoa ya rais zinaweza kutangazwa kwa kipaza sauti cha taifa, kwa nini mwanamke wa kawaida akiandika za kwake aambiwe ni faragha?

La pili: eti mwanamke huyo ni mwongo, anatafuta pesa. Wapo wanaotafuta pesa, hata wabunge wapo. Lakini sikilizeni kisa cha Nan Britton wa Marekani. Mwaka 1927 alichapisha kitabu akisema binti yake alizaa na Rais Warren Harding, aliyekuwa amefia madarakani mwaka 1923. Alichekwa, akaitwa tapeli na mwendawazimu, kortini akashindwa. Alifariki mwaka 1991 akiwa bado ni mwongo machoni pa wengi. Mwaka 2015 vipimo vya vinasaba, yaani DNA, vikathibitisha kwamba binti alikuwa wa Harding kweli. Miaka 88 tangu kitabu kitoke! Mama hayupo, na binti mwenyewe alishafariki mwaka 2005. Kitabu kile kilichodharauliwa ndicho kilichoshikilia ukweli muda wote huo, kama mbegu ya ulezi iliyofukiwa majivuni. Asingeandika, wajukuu wangepima nini?

La tatu ndilo zito, na sitalirukia. Mke je? Watoto wa ndani ya ndoa je? Wao hawakukosa kitu, na kitabu kinawaumiza. Nakubali kinawaumiza. Ila tusimbebeshe kalamu mzigo wa kitendo. Aliyewaumiza kwanza ni baba yao. Mwandishi mwenye adabu ataacha majina ya watoto, hatamtukana mke, hatafungua kabati lisilomhusu. Hiyo ni kazi ya ufundi na utu, inafundishika. Na tukumbuke kwamba mtoto wa nje naye ni mtoto. Anakwenda shule akiulizwa jina la baba, anataja la babu mzaa mama. Ukimya tunaouita heshima, yeye ndiye anayeulipia karo.

Kuna jambo jingine ambalo wenzangu wengi hawalioni. Wanadhani kumbukumbu za namna hii zinawahusu waliopenda tu. Ukishuka Kirando ukasimama ufukweni, ng'ambo ya maji ni Kongo. Mwaka 1960 mwanamke mmoja, Andrée Blouin, alizunguka nchi hiyo akiwahamasisha wanawake, kisha akawa mkuu wa itifaki katika serikali ya Patrice Lumumba. Magazeti ya Ulaya yakamaliza habari zake kwa neno moja: hawara. Hawara wa Lumumba, hawara wa huyu, hawara wa yule. Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, hawezi kumtetea. Blouin alikana. Kumbukumbu zake zilitoka mwaka 1983, na zilipochapishwa upya mwaka 2025 vijana wengi ndipo wakajua kwamba yule "hawara" alikuwa mwanasiasa.

Uganda nako vilevile. Binti mfalme Elizabeth wa Toro, mwanasheria, aliteuliwa na Idi Amin mwaka 1974 kuwa waziri wa mambo ya nje, akahutubia Umoja wa Mataifa. Mwaka huohuo Amin akamfukuza, akatangaza hadharani kwamba waziri wake alifanya mapenzi na Mzungu chooni katika uwanja wa ndege Paris. Uzushi mtupu. Magazeti ya Ulaya yaliyourukia aliyashtaki, yakamlipa. Mwaka 1975 akatorokea Kenya. Mwaka 1983 akatoa kitabu cha maisha yake, akaeleza mwenyewe.

Mnaona? Siasa ya wanaume ina silaha mbili kwa mwanamke. Akipendwa kweli, anaambiwa nyamaza. Asipopendwa, au akikataa, anazushiwa kwamba alipendwa. Silaha zote mbili zinaingia butu mbele ya kitu kimoja tu: maneno yake mwenyewe, yenye tarehe, yaliyochapishwa.

Sasa nije kwenye neno lenyewe, mapenzi, maana hapa ndipo pananikera zaidi. Mimi Alford alikuwa na miaka 19 alipoingia Ikulu ya Marekani mwaka 1962 kufanya kazi za mafunzo. Rais John Kennedy alikuwa na miaka 45. Msichana alinyamaza miaka arobaini. Mwaka 2003 mwanahistoria mmoja akamtaja bila jina katika wasifu wa Kennedy, gazeti likamsaka likampata, na habari yake ikaanza kutembea mikononi mwa wengine. Kitabu chake kilitoka mwaka 2012. Yale yalikuwa mapenzi? Yalikuwa amri yenye tabasamu? Mtu wa kujibu ni yeye, na ili ajibu anahitaji kurasa nyingi, si kichwa cha habari.

Ya kwetu je? Chukua mfano. Mkubwa anafika mkoani kwa ziara. Kuna ngoma, kuna mchele wa bonde la Rukwa, kuna migebuka ya ziwani. Na kuna msichana "anayeombwa" kuhudumia wageni. Akiwa ni mwanafunzi chini ya miaka 18, sheria ya mwaka 1998 ya makosa ya kujamiiana haiyaiti mapenzi, inaita kubaka. Akiahidiwa kazi ili akubali, sheria ya rushwa ya mwaka 2007 haiyaiti mapenzi, inaita rushwa ya ngono. Lakini mtaa unasema "kapata buzi", na sisi waandishi tunaandika "penzi lao likachipua". Aka! Sheria inatushinda hata sisi tunaojidai mafundi wa lugha? Akiandika mwenyewe, atachagua neno. Huenda akasema nilimpenda. Huenda akasema niliogopa. Huenda akasema yote mawili, na huo ndio ukweli unaozidi nguvu hadithi zetu.

Kipimo changu kwa kitabu cha namna hiyo ni kimoja: kituonyeshe kiti, si kitanda tu. Gari lililomfuata saa sita usiku lilikuwa la nani, na mafuta alilipa nani? Kazi ilitolewa kwa nani kwa sababu ya simu moja? Mkubwa alisema nini juu ya wapiga kura wake alipokuwa hasikiwi? Anayehesabu mabusu tu ameandika udaku wenye jalada gumu, nami nitakuwa wa kwanza kumwambia hivyo.

Kwa Wafipa hili si geni. Masimulizi ya Milansi yanasema wanawake wageni wa Kitwa walifika mtawala akiwa mawindoni, wakakikalia kigoda chake, naye aliporudi akakuta utawala wa nchi umehama. Ni kisa cha nyumbani: mume hayupo, mke yupo, wageni wamebisha hodi. Hakuna mzee wa Ufipa aliyewahi kukiita udaku. Kinaitwa historia, kwa sababu kinaeleza nani alikaa wapi na kwa nini.

Basi, dada yangu mwenye daftari lililofichwa chini ya godoro: andika. Weka tarehe. Tunza barua. Andika kwa Kiswahili, maana waliopaswa kukusikia wako hapa. Usisubiri mwanahistoria akutaje bila jina. Na wewe kaka unayetafuta kisa cha hadithi yako ijayo, ukimsikia mwanamke huyo anasimulia, usimnyang'anye. Mpe kalamu, mrekebishie tahajia akikuomba, halafu kaa pembeni.

Wenyeji hulifasiri jina la mji wetu kwa maneno mawili: sumba wanga, tupa uchawi. Nchi nzima inatutania kwa uchawi na radi, nasi tumezoea. Lakini upo wanga ambao hautengenezwi Ufipa, na unatisha mikoa yote: ule unaomfanya mtu aliyeona kwa macho yake aape kwamba hakuona kitu. Huo nao tuutupe.