Lebo Hizi Nani Kazibandika?

Vijana wenzangu mnaohariri majarida kwa kompyuta ya kuazima, hebu tusemezane. Wamo kati yetu wanaosoma barua-pepe kwa amri za kuandika, hakuna picha wala kubofya-bofya. Programu yenyewe Notmuch, kaianzisha Carl Worth mwaka 2009. Nayo sina ugomvi: ya bure, nyepesi, na intaneti ikikatika Mji Mkongwe barua zako zimo humo humo kwenye mashine. Ugomvi wangu ni lebo.

Ukiandika notmuch new, barua mpya zinaingizwa, kisha faili dogo liitwalo post-new linajiendesha na kubandika lebo kwa sheria ulizoliandikia. Tuseme mhariri kaweka subject:shairi ipate lebo ya ushairi, huyoo, Forodhani kula urojo. Huku nyuma kijana wa Makunduchi kaleta barua, kichwa chake "Mashairi yangu". Lebo haipati!

Mbona? Notmuch hutafuta maneno kwa maktaba ya Xapian, na kinyozi wake hunyoa mikia kwa kanuni za Kiingereza: poems ikawa poem. Kiswahili, jamani, hugeuka kichwani: shairi, mashairi, kisa, visa, wimbo, nyimbo. Hadithi na riwaya zinapona kwa sababu hazigeuki. Ati ndo washairi watajijua?

Mwaka 1928 wakubwa walikutana Mombasa wakakichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Leo wenye Kiunguja chao wananakili sheria za watu neno kwa neno, mshairi wao anazama. Tena msiniambie mashine haina upendeleo. Sheria kaiandika mtu, na aliyeinakili bila kuisoma kaiandika na yeye.

Dawa ipo. Andika subject:/[Ss]hairi/. Ile mikwaju miwili maana yake tafuta herufi hizi popote, hata katikati ya neno. Mashairi na ushairi zote zinanaswa. S kubwa na ndogo zote ziwekeni, maana hapo programu inabagua. Maneno ya ndani ya barua lakini njia hii haiyafikii.

Fitina yenyewe iko mstari wa mwisho wa post-new. Wengi huingiza barua kwa lebo ya new, kisha huivua kwa zote. Iliyokosa lebo nyingine haionekani tena. Ipo, lakini nani ataiita? Hiyo ibandikeni lebo ya bado, na mtu mwenye macho aifungue kabla toleo halijakwenda kwa mchapaji.